Mume anataka talaka, anasema sina changu. Sheria inasemaje kuhusu mali, matunzo na watoto? Nipo Mbeya

MamaWatatu_Uyole

Habari zenu wadau. Naombeni mnisaidie maana kichwa kinauma na hapa nilipo kila ninayeweza kumuuliza ni ndugu yake. Tulifunga ndoa kanisani 2011, tuna watoto watatu, mkubwa ana miaka 12 wa mwisho minne. Tulianza hatuna kitu, tulipanga chumba kimoja Ilomba, yeye anapakia viazi kwenye magari ya watu mie nauza maandazi asubuhi. Baadae tukakodi shamba kule Isyonje tukalima viazi vyetu wenyewe, mwisho tukalinunua lile shamba, ikaja nyumba hapa Uyole, ikaja na Fuso. Sijawahi kuajiriwa popote ni kweli, ila shambani nilikuwa nasimamia mie, vibarua nalipa mie, lumbesa zikipakiwa naandika mie kwenye daftari, yeye yuko Dar anapokea mzigo. Nyumba inajengwa nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili, naamka saa kumi alfajiri kumwagilia tofali kabla maji hayajakatika, mafundi nawapikia mie.

Sasa tangu mwaka jana ana mwanamke Makambako. Nyumbani anakuja akijisikia, hela ya matumizi mpaka nimpigie weee ndo atume kidogo. Juzi kaja na kaka zake wawili anasema anataka talaka, niondoke na nguo zangu, watoto niwaache kwa sababu mahari alitoa na watoto ni wa ukoo wao. Tumeitwa kikao cha ukoo Tukuyu, wazee nao wakasema nyumba ni ya mwanaume maana karatasi zote zina jina lake. Upande wangu alikuja kaka mmoja tu na hakufungua mdomo.

Nauliza, ni kweli sina changu? Na hii habari ya mwanamke kulipwa kila mwezi baada ya talaka, naona kwenye tamthilia, kwetu ipo? Watoto je? Na naanzia wapi, hela ya wakili sina.

Mwanjelwa_Boy

Pole sana dada. Wala usiumize kichwa, siku hizi sheria ni pasu kwa pasu, ukifika mahakamani mnagawana nusu kwa nusu na kila mwezi anakulipa mpaka unakufa. Asikutishe huyo.

Kihesa_Paralegal

Kamwene wote. Dada wa Uyole pole sana. Mimi ni msaidizi wa kisheria huku Iringa, si wakili, ila kesi za namna hii ndo kazi yangu ya kila siku, na nimesikitika kusoma hicho kikao. Ndugu wa Mwanjelwa nakushukuru kwa moyo wa kumtia nguvu mwenzetu ila hayo uliyoandika akiyabeba hivyo hivyo ataumia mbele ya hakimu, kwa hiyo niruhusu niyaweke sawa.

Dada, unachouliza ni vitu vitatu tofauti na watu wengi wanavichanganya, wanapeleka ombi moja mahakamani wanatoka na robo ya haki yao. Kuna mgawanyo wa mali mlizochuma, kuna matunzo yako wewe kama mke, na kuna matunzo ya watoto. Kila kimoja kina kifungu chake, kina ushahidi wake, na kila kimoja unakiomba kwa jina lake.

Naanza na mali kwa sababu ndo wanapokutisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana ndani ya ndoa kwa juhudi za pamoja. Haisemi nusu kwa nusu moja kwa moja. Hakimu anaangalia mila za jamii mnayotoka, anaangalia kila mmoja alichangia kiasi gani kwa hela, kwa mali au kwa KAZI, anaangalia madeni mliyoyachukua kwa faida ya wote, na mahitaji ya watoto wadogo, halafu baada ya hapo ndo sheria inamwelekeza aegemee kwenye usawa. Umeona hapo neno kazi? Kuna shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali za familia. Tangu hapo hoja ya "hujawahi kuajiriwa" haina nguvu ile wanayodhani wazee wa Tukuyu. Ila nisikufiche, huyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu siku ile, mahakama iliona mumewe alishampa hela za kuanzisha biashara akazitumia vibaya. Kwa hiyo usiende kusema tu "nilikuwa mama wa nyumbani" ukakaa. Onyesha ulifanya nini, lini, kwenye mali ipi.

Na wewe unacho cha kuonyesha. Hilo daftari la lumbesa ni dhahabu. Lina mwandiko wako, lina tarehe, lina majina ya vibarua na hela walizolipwa. Lifiche leo hii, usilale nalo ndani ya hiyo nyumba.

Karatasi kuwa na jina lake, sheria inachukulia kwanza kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake, ni kweli, lakini hiyo ni dhana tu na inapinduliwa kwa ushahidi. Wazee wamesimama kwenye nusu ya kwanza ya sentensi wakakuambia imeisha.

Sasa kulipwa kila mwezi. Ipo, kifungu cha 115, ila si kama ya kwenye tamthilia. Wakati ndoa bado ipo, mume akikataa au akipuuza kukuhudumia unaweza kuomba mahakama imwamuru atoe matunzo, hata talaka hujaomba. Kesi ikiwa inaendelea pia unaweza kuomba. Baada ya talaka ndo inakuwa ngumu, mahakama inatoa amri hiyo ikionyeshwa sababu maalumu, mfano wewe ni mgonjwa huwezi kujihudumia. Na kiasi hakipangwi kwa hasira, wanaangalia kipato na mahitaji yenu wote wawili, mila, na nani alichangia zaidi ndoa kuvunjika. Ukiolewa tena inakoma. Kwa hiyo dada nguvu zako nyingi weka kwenye mali na kwenye watoto, na haya matunzo ya sasa hivi wakati bado ni mkewe uyadai mapema, usingoje.

Watoto. Hakuna mahali Sheria ya Ndoa inasema mtoto ni wa ukoo uliotoa mahari. Kifungu cha 125 kinasema la kwanza ni ustawi wa mtoto. Wa miaka minne, sheria inadhania kwamba aliye chini ya miaka saba ni vizuri akae na mama, na anayepinga ndo aonyeshe sababu. Hao wakubwa, hakimu anaweza kusikiliza wanachotaka wenyewe kama wanaweza kujieleza. Na wakikaa kwako baba anabaki na wajibu wa kuwatunza, ada, chakula, matibabu, mavazi, hilo halifutwi na talaka wala na mwanamke wa Makambako.

Pa kuanzia ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata yako. Kikao cha ukoo HAKIHESABIKI. Barua ya mzee wa kanisa nayo haihesabiki, labda kama kanisa lako lina baraza linalotambuliwa kisheria. Narudia kwa sababu nimeona mashauri yanatupwa baada ya miezi na miezi kisa mtu alienda na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Baraza wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati inaitwa fomu namba 3, na hiyo isizidi miezi sita kabla ya kufungua shauri, ikikaa kabatini ikapitiliza unaanza upya. Yeye akiitwa na baraza akagoma kwa makusudi hilo haliwezi kukuzuia, hakikisha wameandika tu kwamba aliitwa. Baada ya hapo unaweza kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo, ni nafuu na lugha ni Kiswahili mwanzo mwisho, wengi wanasimama wenyewe.

Mbao_Mafinga

Naheshimu maelezo ya mtaalamu ila naomba na sisi wanaume tusikilizwe. Mimi shamba langu la miti nimepewa na baba, na baba kapewa na babu. Mke kanikuta nalo. Leo tukiachana anataka apewe ekari za ukoo wetu akaolewe nazo kwingine? Hii naona si haki. Halafu mbona matunzo ni mwanaume tu, mke akiwa na kipato kuliko mimi?

Kihesa_Paralegal

Kaka wa Mafinga swali lako ni la haki kabisa. Mali uliyokuwa nayo kabla ya ndoa, au ya ukoo uliyorithi, kwa kawaida haiingii kwenye mgawanyo. Isipokuwa kama mwenzako, au nyie wawili pamoja, mmeiendeleza kwa kiasi kikubwa ndani ya ndoa, sheria inasema hivyo wazi. Sasa jiulize, hilo shamba ulipewa likiwa na miti au lilikuwa pori? Kama lilikuwa pori na mmepanda wote, mmelima barabara ya kuzuia moto wote, mmepalilia wote, ana hoja. Ardhi ya babu inaweza kubaki ya ukoo na bado jasho lake kwenye miti likathaminiwa.

Kuhusu matunzo kwa mume, ipo kaka. Mahakama inaweza kumwamuru mke amtunze mume ambaye hawezi kujitafutia riziki kwa ajili ya maradhi au majeraha ya mwili au akili, kama mke ana uwezo. Kuwa na kipato kidogo tu haitoshi.

NjombeGirl

Samahani kuingilia, na sisi ambao hatujafunga ndoa? Nimeishi na baba watoto miaka sita hapa Njombe, mahari hajamaliza, tumepanda parachichi pamoja, saivi ananiambia mie si mke wake nilikuja tu kukaa.

Dada_Ustawi

Dada wa Njombe nikujibu mimi, niliwahi kufanya kazi ustawi wa jamii. Soma kifungu cha 160. Mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inadhania kuna ndoa, mpaka yeye alete ushahidi wa kupinga. Anayepinga akishinda, yaani ikionekana kweli hamkuwa na ndoa, bado mahakama inaweza kukupa amri za matunzo yako na ya watoto na nafuu nyingine. Mahari kutokamilika hakubatilishi ndoa, kama kuna mahali mtu anatumia hilo kukutisha achana nalo. Tafuta majirani, mjumbe, kadi ya kliniki yenye jina lake, fomu za shule, picha za misiba na sherehe mliyohudhuria pamoja. Ila angalizo, kama ana mke mwingine wa ndoa ya mke mmoja mambo yanabadilika, useme mapema.

Na nyie wote mkumbuke matunzo ya mtoto hayana uhusiano na kama mlioana au hamkuoana. Zamani mtoto wa nje ya ndoa sheria ya kikoloni ilikuwa inampangia shilingi mia kwa mwezi, mia! Ilifutwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Siku hizi unaenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anamwita baba, mkikubaliana anaandika, mkishindwana linaenda mahakamani na yeye anapeleka taarifa ya uchunguzi. Wanaangalia kipato cha wazazi WOTE wawili, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi. Kwa hiyo unapoenda usitaje tu "laki tatu" hewani. Nilikuwa nawaambia akina mama waandike unga kilo ngapi, kuni au mkaa, sabuni, sare, michango ya shule, nauli, bima au dawa, na mbele yake bei ya sokoni. Mama mwenye karatasi kama hiyo mazungumzo yanaenda haraka maana baba anabaki kubishana na bei ya unga badala ya kubishana na wewe.

Jingine, hela ikianza kutumwa itumwe kwa simu na sio mkononi. Ujumbe wa muamala unamlinda mama na unamlinda baba, nimeona baba mzima analia kwamba alikuwa anatoa kila mwezi na hana hata kipande cha kuonyesha.

MamaWatatu_Uyole

Jamani Mungu awabariki, nimesoma mara mbili mbili na daftari nimeshalipeleka kwa rafiki yangu Igawilo. Ila kuna jambo limenishtua jana. Jirani kaniambia kuna mtu amekuja kuangalia nyumba, inasemekana mume wangu anataka kuiuza haraka kabla sijafika popote. Na Fuso nimegundua amehamishia jina la kaka yake mdogo. Na kuna mkopo wa vikoba kwa jina langu, tulinunulia mbolea msimu uliopita, bado nadaiwa, huo nabaki nao mwenyewe?

Mwanjelwa_Boy

Duh. Dada kimbia mahakamani leo hii. Na nimeelewa niliyoelekezwa hapo juu, asante mtaalamu.

Kihesa_Paralegal

Dada hilo la nyumba ni la haraka kuliko yote, fanya hivi. Nyumba mnayoishi kama mke na mume hawezi kuiuza, kuiweka rehani, kuipangisha wala kuigawa zawadi bila ridhaa yako, kifungu cha 59, hata kama jina ni lake peke yake. Na una haki ya kukaa humo mpaka ndoa ivunjwe na mahakama au mahakama iamue vingine. Kwa hiyo USIHAME. Najua maneno ya mashemeji yanachoma na wengi wanaondoka ili wapate amani, akirudi wiki ijayo anakuta kufuli jipya na mnunuzi. Ila kama anakupiga au unaogopa uhai wako hiyo ni habari nyingine, ondoka, nenda dawati la jinsia polisi, uandikishe, na watoto uende nao.

Kama nyumba ina hati iliyosajiliwa nenda ofisi ya ardhi ukaweke zuio, wao wanaliita kaveati, ili hati isihamishwe. Kama ni karatasi ya mauziano tu ya serikali ya mtaa, andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa ueleze wewe ni mke, hujaridhia, na kuna shauri la ndoa linaenda barazani, wape nakala ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Viongozi wa mtaa ndo wanaoshuhudia mauziano, hakuna mwenye akili atakayetaka kusaini akiwa na barua hiyo mezani. Ukimjua huyo mnunuzi mwambie na yeye, kwa heshima tu, watu wengi hawapendi kununua kesi. Na mahakamani utaomba amri ya zuio kwa nyumba na shamba mpaka shauri liishe.

Fuso usikate tamaa. Kuhamishia mali kwa ndugu wakati ndoa inavunjika mahakimu wameshaona sana. Taja kwenye maombi yako kwamba lilinunuliwa lini na kwa hela ya viazi vya msimu upi, lilihamishwa lini, na huyo shemeji aulizwe alilipa kiasi gani na ushahidi wa malipo uko wapi. Dereva wenu wa zamani anaweza kuwa shahidi mzuri kuliko hata ndugu yako.

Mkopo wa mbolea, nimekuambia hapo juu madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote yanaangaliwa kwenye mgawanyo. Chukua taarifa kwenye kikundi ionyeshe tarehe na kiasi, na risiti za mbolea kama zipo.

MamaWatatu_Uyole

Hajanipiga, ni maneno tu. Nimeelewa, sihami. Jumatatu naenda kata na mtaa siku hiyo hiyo. Niende na nini? Na wakinizungusha je maana mtendaji wanafahamiana.

Dada_Ustawi

Cheti cha ndoa, kama kimepotea au kakificha omba nakala kanisani mlipofungia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto au kadi za kliniki. Kitambulisho chako. Karatasi ya shamba la Isyonje hata picha yake kwenye simu. Barazani sema kwa utulivu kwamba umekuja kusuluhishwa, wao kazi yao ni kupatanisha, hawana mamlaka ya kutoa talaka wala kugawa mali, kwa hiyo yeyote pale akikuambia "sisi tumeamua nyumba ni ya mume" mwambie asante na uombe ile fomu namba 3 yako.

Wakikuzungusha nenda kwa afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, waulize wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wako wapi, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao kwa mtu asiye na uwezo ni bure. Pia jaribu ofisi za mawakili waliopo mjini, wapo wanaochukua mashauri ya hivi bila malipo ukienda na maelezo yaliyonyooka.

Kihesa_Paralegal

Naongeza moja tu, daftari lenyewe usimwachie mtu yeyote wa ofisini, si baraza wala karani, peleka nakala ya kivuli. Halisi unakuja nalo mwenyewe siku ya kutoa ushahidi unamkabidhi hakimu mbele ya watu wote, na kabla ya siku hiyo tafuta wale vibarua wawili watatu ambao majina yao yamo humo uwaulize kama wako tayari kuja kusema nani alikuwa anawalipa.

MamaWatatu_Uyole

Wapo, mmoja yuko hapa hapa Uyole anaendesha bajaji. Namtafuta jioni hii.